Nilifuta ujumbe wa baba mkubwa, sasa ukoo mzima unauliza kwa nini

Shikamoo Mshauri,

Naandika usiku, simu nimeilaza kifudifudi kwa sababu kila ikiwaka moyo unanidunda.

Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Tuko watu 43. Nililianzisha wakati wa msiba wa bibi ili tupashane habari, msiba ukaisha, kundi likabaki, na usimamizi ukanibakia mimi. Humo wamo wazee, wamo vijana waliopewa simu juzi tu, na yumo mdogo wangu wa mwisho.

Huyo mdogo wangu ndiye sababu ya barua hii. Miaka miwili iliyopita aliniita kando akaniambia kwamba jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo anayoijua moyoni, na kwamba amelijua hilo tangu utotoni. Aliongea huku anatetemeka. Sikuelewa yote, na sikumficha kwamba sijaelewa yote, lakini nilimwambia kuwa yeye ni damu yangu na hilo halibadiliki. Nyumbani hakuna mwingine anayejua. Bado anaishi na wazazi wetu, na ada yake ya chuo inalipwa na baba mkubwa.

Baba mkubwa ndiye mkuu wa ukoo. Hata mimi alinisomesha. Tangu mwaka jana amekuwa akituma kundini jumbe kuhusu mashoga na watu waliobadili jinsia. Mwanzoni zilikuwa dua na maonyo, nikawa nazipita. Baadaye zikaja za namna nyingine: kwamba wapo wanaowalipa vijana wajiunge, kwamba huo ni ugonjwa unaoambukiza, kwamba hao ndio wanaowaharibu watoto. Kila ujumbe unamalizia kwa "sambaza kabla hawajaufuta". Binamu zangu wanacheka, mashangazi wanaandika "Mungu atunusuru". Mdogo wangu haandiki chochote. Ila najua anazisoma.

Wiki iliyopita ikaja picha ya mtu, uso wazi kabisa. Maelezo yalisema alikamatwa akiandikisha watoto wa shule katika "kundi lao", akahonga akaachiwa, na anayemwona asimwache salama. Binamu mmoja akaandika, "Akipita kwetu hatoki." Wanne wakampigia makofi. Mimi nikaichukua ile picha nikaitafuta kwenye intaneti. Ilitoka katika habari ya miaka sita iliyopita, ya nchi nyingine na lugha nyingine, kuhusu mtu aliyefungua saluni yake. Shule haimo, watoto hawamo, na hakuna aliyekamatwa.

Nikafuta ule ujumbe. Sikufikiri mara mbili. Lakini WhatsApp haifichi: palepale paliandikwa kwamba msimamizi ameufuta, na msimamizi ni mimi. Asubuhi baba mkubwa akauliza mbele ya wote, "Mwanangu, ujumbe wangu umekukosea nini?" Nikajibu kwamba kidole kiliteleza. Akautuma upya. Binamu yuleyule akaongeza, "Au kuna mtu wako huko?"

Usiku huo mdogo wangu alinipigia. "Dada, usijaribu tena. Watajua." Kisha, kabla ya kukata simu, akasema, "Lakini asante."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikinyamaza, ni kama nimekubali. Nikisema ukweli kuhusu ile picha, wataanza kutafuta ninamtetea nani. Nimewaza kulivunja kundi, nimewaza kujitoa, nimewaza kumwendea baba mkubwa nimwambie kila kitu. Linaloniuma zaidi ni kwamba nilipotaka kuutetea ukweli nilianza kwa kusema uongo. Nifanyeje?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, binti yangu. Geuza simu yako, tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu sikupata neno la kunijulisha kama mdogo wako aliandikwa mvulana au msichana alipozaliwa. Umeandika "mdogo wangu", umeandika "yeye", na Kiswahili kikamsitiri, maana viambishi vyetu havimuulizi mtu jinsia yake. Sidhani ilitokea kwa bahati. Unajiona mnafiki kwa sababu ya kidole kilichoteleza. Mimi ninayekusoma kwa mbali naona mlinzi aliyekaa zamu peke yake kwa miaka miwili.

Kama nimekuelewa, umebanwa hivi: ukinyamaza, uongo unaoweza kumdhuru mtu unapita mlangoni, na ufunguo wa mlango unao wewe, ukisema, watu wataacha ulichosema na kutafuta kwa nini umekisema, na jibu la hiyo "kwa nini" linalala chumba cha pili kutoka kwa wazazi wenu. Zaidi ya hayo, anayetuma uongo ndiye aliyekusomesha, na ndiye anayemsomesha huyo unayemlinda. Ni mzigo mzito, na si ajabu kwamba usingizi umekupaa.

Naomba tulifungue furushi hili taratibu, kwa sababu naona yamo mambo ya uzito tofauti. Baba mkubwa anapotuma dua na maonyo, anasema anachoamini. Mimi nisingekubaliana naye, lakini imani huwezi kuikagua kwa kutafuta picha kwenye intaneti. Anapotuma picha ya mtu wa saluni na kudai kwamba aliandikisha watoto, hapo pana jambo ambalo ama lilitokea au halikutokea, na wewe umeshajua kwamba halikutokea. Binamu anapoandika "akipita kwetu hatoki", tumeshatoka kwenye imani na kwenye habari. Hilo ni tishio.

Mwaka 2012, wataalamu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa mjini Rabat walikubaliana juu ya mambo sita ya kutazama ili kujua kama kauli ya chuki imefika kuwa uchochezi: hali ilivyo wakati huo, anayesema ni nani, nia yake, anachosema na namna anavyokisema, kinawafikia watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya mahakama na serikali, wala sikwambii ukamshtaki baba yako mkubwa. Nakuomba tu uvisome ukilifikiria kundi lenu. Msemaji ni mkuu wa ukoo. Wasikilizaji ni watu 43, na vijana wamo. Mmoja wa wanaosemwa anakula nao meza moja bila wao kujua. Nikivitazama hivyo, hofu iliyokusukuma kufuta ule ujumbe siioni kuwa ya kupita kiasi.

Hata hivyo, kufuta kwenyewe tukuangalie. Ujumbe ulisema "sambaza kabla hawajaufuta". Ukafutwa. Basi kwa aliyekuwa akiuamini nusu nusu, ulijithibitisha hapo hapo. Waliotunga maneno hayo waliyatega makusudi, na wewe hukuwa na namna ya kujua. Nimesema "waliotunga" kwa sababu sidhani ni baba mkubwa. Tazama juu ya ujumbe: ukiona mishale miwili, maana yake ulishapita mikono mingi kabla ya kumfikia, na tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kusambazwa kwenye zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mara moja, ili upunguze mwendo. Aliyeubuni anajua anachofanya. Anayeubeba mara nyingi ni mtu mwenye hofu ya kweli juu ya watoto wa kweli, na hofu hiyo ndiyo inayotumiwa. Mei 2022, baada ya mtu mwenye bunduki kuua watoto 19 na walimu wawili shuleni huko Uvalde, Texas, picha za watu waliobadili jinsia ambao hawakuhusika hata kidogo zilizagaa mtandaoni zikidaiwa kuwa za muuaji. Ona zinavyofanana na ya kwenu: uso wa mtu halisi, kosa la kubandikwa, na watoto katikati. Kusema hivi hakumwondolei baba mkubwa wajibu wake. Kunakupa tu mahali pa kuanzia naye, maana jambo moja mnakubaliana: nyote wawili mnataka watoto wa ukoo wawe salama.

Kuna dhana mbili katika barua yako ambazo ningependa uzitazame tena. Ya kwanza ni kwamba kazi yako ni kumgeuza baba mkubwa. Je, ni lazima? Katika watu 43, walioshangilia tishio ni wanne. Zaidi ya thelathini hawakuandika kitu. Wewe umeuhesabu ukimya wao kuwa ni kukubali, ilhali ukimya wako mwenyewe unajua hauna maana hiyo. Huenda humo kuna shangazi aliyeitilia shaka ile picha na hakuwa na wa kumuunga mkono.

Ya pili ni kwamba ukimya wako unamkinga mdogo wako. Labda unamkinga kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine, naye anausoma. Alikuambia "usijaribu tena" na "asante" katika simu moja, na wewe umeyasikia kama maneno yanayopingana. Yanaweza kuwa na maana ya "usinitetee". Yanaweza kuwa na maana ya "nitetee, ila si kwa namna ile". Mimi siwezi kuamua, na wewe pia huwezi.

Sasa njia. Nitazitaja kama ninavyoziona, pamoja na miiba yake.

Iko njia ya kusahihisha hadharani. Ukiichagua, namna ya kuandika ina uzito kuliko unavyodhani. Tangu 1977 watafiti wa saikolojia wameonyesha kwamba kauli ikirudiwa rudiwa, watu huanza kuiona ya kweli kwa sababu tu wameizoea, hata kama ni ya uongo. Kwa hiyo usianze kwa kuurudia uzushi ili uukanushe, na usiibandike tena ile picha. Anza na ukweli: "Picha ile ni ya mtu aliyefungua saluni, katika nchi nyingine, miaka sita iliyopita. Maelezo yaliyoambatanishwa si yake. Tusije tukamsababishia mtu asiye na hatia kupigwa." Sentensi tatu, kisha nyamaza. Hapo hujabishania imani ya mtu wala hujataja mashoga wala jinsia. Umeitetea haki ya mtu kutosingiziwa. Mwiba wake unaujua: swali la "kuna mtu wako huko?" linaweza kurudi.

Ila mwiba huo una chanzo, nacho kinaweza kupunguzwa. Utashukiwa kwa sababu ukinyamazia kila uzushi na kusahihisha mmoja tu, huo mmoja unakutambulisha. Nina hakika kundini kwenu hupita pia matangazo ya kazi za uongo na dawa zinazoponya kila kitu. Ukianza na hizo, kwa upole uleule na kwa wiki kadhaa, ukawa ndiye dada anayekagua picha na kuuliza "hii imetoka wapi?", siku utakapogusa uzushi wa aina hii utakuwa unaendeleza tabia yako. Unaweza hata kuweka kanuni kwamba picha ya mtu yeyote na tuhuma havipiti hadi chanzo kijulikane. Njia hii naipenda, sitakuficha. Ubaya wake ni kwamba inakwenda polepole, na lile tishio la binamu halikusubiri.

Iko njia ya kumfuata baba mkubwa faragha. Mwaka 2016 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha jaribio lililofanyika Miami. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba wakazungumza na wapiga kura kwa takribani dakika kumi kuhusu watu waliobadili jinsia. Hawakuhubiri. Waliwaomba wenyeji wakumbuke siku ambayo wao wenyewe walihukumiwa kwa kuwa tofauti, kisha wakawaachia nafasi ya kuongea. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado imepungua. (Watafiti haohao ndio waliogundua mwaka uliotangulia kwamba utafiti mwingine uliofanana na huo ulikuwa na data za kubuni. Nalitaja kwa sababu anayedai ukweli kwa wengine inampasa audai pia kwa wale anaokubaliana nao.) Kwa hiyo ukienda, nenda na masikio. Muulize ujumbe ule ulimgusa wapi. Muulize kama yeye aliwahi kusingiziwa. Halafu mwonyeshe picha ilikotoka, mkiwa wawili, pasipo na watu wa kumwona akikosea. Mzee akisahihishwa mbele ya wajukuu hutetea heshima yake kwanza, ukweli baadaye.

Akikuuliza kuhusu yale mengine, uwe nayo kichwani kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na mwaka 2019 likapitisha orodha mpya ambayo haihesabu tena kuwa mtu aliyevuka jinsia ni ugonjwa wa akili. Hakuna kuambukiza hapo. Kuhusu watoto, madaktari nchini Marekani waliochunguza kesi za hospitali moja na kuchapisha matokeo mwaka 1994 walikuta kwamba kati ya watu wazima 269 waliotajwa kuwadhulumu watoto kingono, waliotambulika kuwa mashoga au wasagaji walikuwa wawili. Hospitali moja haiwezi kusemea dunia, lakini haiungi mkono hata kidogo kile kinachodaiwa. Na anayemdhulumu mtoto mara nyingi ni mtu anayemfahamu na kumwamini. Ukoo unaomwangalia mgeni wa kwenye picha unaweza kusahau kuangalia karibu.

Lakini usiende kwake na siri ya mdogo wako. Uliandika kwamba umewaza "kumwambia kila kitu". Najua kinachokusukuma: unatumaini kwamba akijua ni damu yake, atalainika. Wapo wanaolainika. Wapo pia wanaokata ada siku hiyohiyo. Siri hii ukishaitoa huwezi kuirudisha, na atakayelipia si wewe. Katika nchi zaidi ya 60 sheria bado inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na mara nyingi watu waliovuka jinsia hukumbwa na sheria hizohizo. Ndiyo maana hata kuripoti tishio la binamu polisi nisingekushauri ufanye kabla hujajua huko mliko hatua hiyo ingemgeukia nani. Unaweza kuuripoti ujumbe kwa WhatsApp kwenyewe bila kundi kujua. Uhifadhi pia picha ya skrini ya lile tishio, pamoja na tarehe, mahali ambapo wengine hawafiki.

Kujitoa au kulivunja kundi? Kungekupumzisha, na kupumzika ni haki yako. Ila wasiwasi wangu ni kwamba kundi jipya lingezaliwa jioni hiyo, msimamizi akawa binamu yule, na mdogo wako akabaki humo bila wewe. Kama huwezi tena, unaweza kumwongeza msimamizi wa pili unayemwamini, mtu ambaye akisema neno hakuna atakayetafuta siri nyuma yake. Na kunyamaza kwa sasa, huku ukipanga, nako ni njia. Mtu anayenunua muda mpaka ndugu yake apate pa kulala na namna ya kulipa ada si mwoga. Hilo la ada lifikirini mapema, vyovyote mtakavyoamua kuhusu kundi.

Kuhusu ule uongo wa kidole, ulikuwa wa sekunde moja ya hofu. Ukitaka kuusafisha, waweza kumwambia baba mkubwa mkiwa wawili, "Nilifuta makusudi, nilijua picha ni ya uongo, nikashindwa kusema mbele ya watu." Ni ukweli mtupu, na haumtaji mwingine.

Kabla ya yote hayo, zungumza na mdogo wako, ikiwezekana ana kwa ana, mahali pasipo na masikio. Usimpelekee mpango uliokwisha kamilika. Muulize "asante" ile ilikuwa ya nini. Muulize kinachomuumiza zaidi ni kipi, zile jumbe au kicheko kinachozifuata. Muulize kama simu yake ina nywila na kama kuna mazungumzo yenu ambayo angependa yafutwe. Na muulize kama angependa kutoka kundini: akijitoa, taarifa huwafikia wasimamizi peke yao, yaani wewe, ingawa mwenye kupekua orodha ya waliotoka anaweza kuliona jina kwa siku 60. Huenda akakuambia amechoka na anataka kutoka. Huenda akakuambia anabaki kwa sababu wewe umo.